Kisima cha Punda Mwitu

Ayubu 39:5-8, Zaburi 104:10-11



Ayubu alipokwisha kulalamika, Bwana hakumjibu neno juu ya majipu yake, bali alimwuliza habari za punda mwitu: ni nani aliyemfungua kamba? Aliyemfungua ni Bwana mwenyewe, akampa nyika iwe nyumba yake. Naye mtunga Zaburi ashuhudia kwamba chemchemi za mabondeni hutiririka hata kwa ajili ya kiu ya mnyama huyo.

Tuyafikiri hayo tukiitazama Marekani. Punda wa huko asili yao ni Afrika kwetu. Wahispania waliwavusha bahari, na wachimba dhahabu wakawatwika mizigo. Walipokwisha kuwatumia wakawaacha jangwani, nao wakazaana. Ndipo watu wakawafukuza kwa motakari na ndege, wapate kuwauza wachinjwe, nyama yao iwe chakula cha mbwa.

Mwaka 1950 mwanamke wa Nevada, Velma Johnston, akiwa njiani kwenda kazini, aliona damu ikichuruzika katika lori. Akalifuata, akakuta limejaa farasi mwitu waliojeruhiwa. Alikuwa karani tu, tena mwili wake umeharibiwa na polio tangu utoto. (Nasema karani, asije mtu akaniambia kwamba kazi hii ni ya wakubwa.) Watu wakampachika jina la dhihaka, walakini hakunyamaza. Sheria ya 1959 ilikataza kuwawinda farasi na punda hao kwa motakari na ndege, hata kuyachafua maji yao kusudi wanaswe au wafe. Watoto wa shule waliiandikia Serikali barua nyingi mno, na mwaka 1971 ikatoka sheria kubwa zaidi ya kuwalinda. Hata hivyo, mwaka 2019 punda zaidi ya 40 walikutwa wamepigwa risasi katika jangwa la Mojave.

Siwafichi neno: punda hao huzaana upesi, na wakizidi huharibu majani na chemchemi, kwa hiyo Serikali huwakamata na kuwapa watu wawafuge. Kuwapunguza kwa huruma siku-hesabu kuwa dhambi. Lakini kumvizia mnyama kisimani, mahali Mungu alipomwita anywe, ni kumpiga mgeni mezani pa Bwana.

Nami niandikaye, asubuhi moja ya Jumapili nilimpita punda akipigwa kwa fimbo juu ya kidonda kibichi. Kengele ilikuwa inalia. Mama yule aliifuata damu; mimi niliwahi ibada.