Deni la Sura: Rangi za Maji na Haki ya Mchorwa

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mtu anapokubali kuketi mbele ya mchoraji, sura yake ikahamishiwa kwenye karatasi, je, mchoraji anabaki na deni gani kwake? Sisi wahakiki wa fasihi tumezoea kuliuliza swali la aina hii kuhusu maneno. Tunauliza ni nani anayesimuliwa, anasimuliwa na nani, na kwa faida ya nani. Hapa tunalihamishia kwenye picha za rangi za maji kwa sababu mbili. Kwanza, chombo hiki kina tabia zinazolifichua deni hilo waziwazi kuliko vyombo vingine. Pili, nchini Kenya upo mkusanyo mkubwa wa picha za sura za rangi za maji ambao, kwa maoni yetu, umesifiwa sana na kushutumiwa kidogo bila ya swali hilo kuulizwa sawasawa.

Tuanze na chombo chenyewe. Anayechora kwa rangi za mafuta ana nafasi ya kujuta. Pua ikienda kombo leo, kesho ataikwangua na kuipaka upya, na mtazamaji hatajua kamwe kwamba palikuwa na pua nyingine. Rangi za maji hazina msamaha huo. Mwanga wa picha hautoki kwenye rangi nyeupe, bali hutoka kwenye karatasi yenyewe, inayoonekana kupitia utando mwembamba wa rangi. Mahali patakapong'aa, pawe ni kipaji cha uso au ncha ya ushanga, hapana budi paachwe patupu tangu mwanzo, na pakishapakwa ni vigumu mno kuurejesha weupe wake. Hata hali ya hewa hushiriki katika kazi: kwenye joto la Lodwar maji hukauka kabla burashi haijamaliza mkondo wake, ilhali katika ukungu wa Limuru mchoraji hungoja mpaka akachoka, na akiukosa ustahimilivu rangi mbili humwagikiana na kuzaa tope.

Ngozi nyeusi ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Mchoraji anayekimbilia rangi nyeusi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani hupata uso uliokufa. Weusi ulio hai hupatikana kwa kulaza tabaka la buluu, kuliacha likauke, kulaza juu yake tabaka la hudhurungi, kungoja tena, na kuendelea hivyo huku vijisehemu vya karatasi vikiachwa vipumue kwenye shavu na kwenye pua. Kila tabaka linadai kwamba mchorwa aendelee kuketi. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mchoraji hukopa kwa mchorwa ni muda wake, na hicho hata fedha zinaweza kukilipa. Cha pili ni sura, nacho hakina bei inayojulikana sokoni.

Kwa kuwa chombo hiki hakiruhusu masahihisho mengi, watu wengi huzitazama picha za rangi za maji kana kwamba ni ushahidi usioweza kusema uongo. Hapa pana mtego. Uaminifu wa mkono ni jambo moja na uadilifu kwa mchorwa ni jambo jingine. Mkono unaweza kuhesabu kila ushanga shingoni bila ya kukosea hata mmoja, na bado mwenye shingo akawa amedhulumiwa.

Mkusanyo tunaoukusudia ni ule wa Joy Adamson. Mama huyu alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizo ulikuwa katika himaya ya Austria na leo, kwa jina la Opava, umo katika Jamhuri ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Ulimwengu unamkumbuka kwa simba Elsa, lakini kabla ya Elsa alikuwa mchoraji wa mimea, kazi aliyotiwa moyo kuifanya na mume wake wa pili, Peter Bally, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila mbalimbali ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa hoja kwamba mambo hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka sita hivi, akazunguka sehemu nyingi za nchi, na mwishowe akawa na picha zaidi ya 500. Nyingi zimehifadhiwa na Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, na baadhi yake zilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu chake *The Peoples of Kenya*.

Njia hii ya kutoka kwenye maua hadi kwenye nyuso za watu haipaswi kupuuzwa. Mchoraji wa mimea ana maadili ya kazi yake, na ni maadili mazuri. Ua analolichora halipaswi kuwa ua hili hasa lenye jani lililotobolewa na mdudu. Linapaswa kuwa ua linaloweza kusimama kwa niaba ya jamii yake yote, ili mtaalamu aliyeko ng'ambo alitambue. Huchorwa juu ya karatasi tupu, bila udongo na bila jirani. Adamson alipowageukia watu alikuja na mazoea hayo. Wachorwa wake wengi wamesimama au kuketi juu ya weupe wa karatasi: hapana nyumba nyuma yao, hapana barabara, hapana duka la Mhindi wala ofisi ya Bwana Shauri. Ngozi, manyoya, shaba na shanga vimeangaliwa kwa makini ya kustaajabisha. Kwa jumla, anayevivaa anatambulishwa kwa kabila na kwa cheo au rika: mzee wa kabila fulani, kijana wa kabila fulani aliyetoka jandoni. Yaani anatambulishwa kama ua linavyotambulishwa.

Huenda msomaji akasema kwamba huu ni ukali uliopita kiasi, kwa kuwa kutotaja jina ni mtindo tu wa nyakati zile. Tungelikubali hilo kama serikali iliyoigharimia kazi hiyo ingekuwa haina desturi ya kuandika majina ya Waafrika. La hasha! Ilikuwa hodari wa kuyaandika. Tangu mwaka 1920 hivi hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwanamume wa Kiafrika alilazimika kuchukua kipande chenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake. Mapema mwaka 1953, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa, serikali iliwataka Wagikuyu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi wapigwe picha za vitambulisho. Wengi walikataa, na wengine wakaacha kazi na kurudi Mkoa wa Kati kuliko kukubali. Basi katika miaka ileile na chini ya serikali ileile palikuwa na sura za aina mbili. Moja ilikuwa na jina na nambari, haina shanga. Nyingine ilikuwa na shanga zote, haina jina. Jina liliandikwa pale mtu alipohitajika kwa kodi, kazi na ulinzi; likaachwa pale alipohitajika kwa uzuri wake. Hatudai kwamba Adamson alilipanga jambo hili. Tunadai kwamba picha zake zinalibeba, apende asipende.

Uhakiki wa fasihi unaweza kutusaidia hapa, mradi tusiutumie kwa pupa. Wengine watasema kwamba wachorwa wa Adamson ni wahusika bapa, na kwamba kosa liko katika ubapa huo. Hoja hiyo haitoshi. Katika *Kusadikika*, Shaaban Robert ametuumbia Majivuno, waziri ambaye jina lake ndilo tabia yake, na hakuna msomaji anayelalamika kwamba Majivuno ameonewa. Hakuonewa kwa sababu hakupata kuishi; hakuketi juani akimngoja mwandishi amalize. Mwandishi huyohuyo alipomwandika Siti binti Saad alishika njia nyingine kabisa. Siti alikuwa mtu wa Fumba, Unguja, mtoto wa wafinyanzi, aliyechuuza vyungu kabla hajawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Angeweza kabisa kuandikwa kama mfano wa mwanamke maskini aliyeinuka, na kwa kiasi fulani Shaaban Robert, ambaye hakuweza kuacha kufundisha, amemwandika hivyo. Lakini jina ni lake, mahali ni pake, dhiki ni zake, na kila funzo analolitoa mwandishi linapimwa na maisha yaliyokuwapo. Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Ubapa si kosa katika sanaa. Kosa ni kumchukua mtu aliye hai, ambaye ameshakupa muda na sura yake, ukamfanya Majivuno.

Hata hivyo, ziko sababu za kweli za kumtetea Adamson, nasi hatutaki kuzipita haraka. Ya kwanza ni kwamba kazi yake imewafaa wajukuu. Mshona shanga wa leo anayetaka kujua pambo fulani lilivyofungwa anaweza kujifunza kutokana na picha hizi jambo ambalo hakuna tena mtu nyumbani kwao wa kumweleza. Ya pili inatokana na chombo chenyewe, nayo inatuvutia zaidi. Uso wa mtu si jani. Unapokaa saa kadhaa mbele ya mtu, ukilaza tabaka juu ya tabaka na kungoja zikauke, uso huanza kufanya mambo yake: huchoka, hudharau, husinzia, hucheka na mtu aliyesimama nyuma ya mchoraji. Rangi za maji hulidaka hilo kabla mchoraji hajaamua kama analitaka, na kwa kuwa hazifutiki, hulihifadhi. Ndiyo maana katika baadhi ya picha za Adamson macho ya mchorwa hayakubaliani na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Maelezo yanasema kabila. Macho yanasema kwamba mtu huyu mmoja amechoka na jua na anataka kujua shughuli hii itakwisha lini. Tunathubutu kusema kwamba picha hizo, ambazo huenda mtaalamu wa mimea angezihesabu kuwa na dosari, ndizo zilizo bora.

Na mandhari je? Mlima hauketi wala hauna jina la kusahauliwa, na kwa hiyo yaelekea kwamba mchoraji wa mandhari hadaiwi na mtu. Lakini rangi za maji zina kanuni moja inayofundishwa kwa kila mwanafunzi: kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo rangi yake inavyopaswa kufifia na kuelekea buluu. Kanuni hiyo ni kweli kwa jicho. Matokeo yake ni kwamba migomba, mifereji na wanaolima hugeuka ukungu mzuri chini ya kilele cheupe, na kilele hicho hakikupakwa rangi yoyote, ni karatasi tu. Harry Johnston, aliyekuwa amesomea uchoraji katika Royal Academy ya London, aliishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1884 akikusanya mimea, wanyama na michoro ya mandhari. Alikuwa mgeni wa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Waingereza walimwita Mandara. Miteremko ile aliyoichora haikuwa pori; ilinyweshwa kwa mifereji ambayo Wachagga walikuwa wameichimba na kuitunza kizazi baada ya kizazi. Johnston huyohuyo ndiye aliyetia sahihi Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uliigawa ardhi ya watu kwa maili za mraba. Hatusemi kwamba burashi ilizaa mkataba. Ila jicho lililozoezwa kuiona nchi kutoka mbali, penye watu wadogo na nafasi kubwa, halikupata shida kubwa lilipoletewa ramani.

Kwa hiyo deni la mandhari na deni la sura ni la jamii moja. Katika moja mtu amesogezwa mbali mpaka akayeyuka. Katika jingine ameletwa karibu mno mpaka kila kitu kilichomzunguka kikaondolewa. Katika hali zote mbili weupe wa karatasi umefanya kazi ambayo mchoraji hakuitolea hesabu.

Limebaki jambo moja la ufundi ambalo wahifadhi wa makavazi wanalijua vizuri kuliko sisi. Rangi za maji huliwa na mwanga. Baadhi ya rangi nyekundu na zambarau hupauka zikiachwa ukutani, na ndiyo sababu picha za aina hii huonyeshwa kwa muda mfupi chini ya taa hafifu, aghalabu zisizozidi luksi 50, kisha hurudishwa gizani. Shanga zitadumu kadiri droo zitakavyofungwa. Majina hayana droo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini alipochorwa mwaka 1950 leo, kama yu hai, amepita miaka tisini, na wanaoweza kuitazama picha yake wakasema huyu ni fulani bin fulani, wa mji fulani, wanapungua kila mwaka. Nakala za picha hizo zingeweza kupelekwa Marsabit, Kapsabet, Voi na Lamu, zikatandazwa mbele ya wazee, na mtu akakaa kando na kalamu ya risasi akingoja waseme.