Kipimo cha Wengi, Mwili wa Mmoja

Katika miji ya mwambao, kijana aliyerejea likizo kutoka skuli ya bweni huulizwa hali, kisha masomo, kisha hutazamwa mwili. "Umenenepa, mwanangu, mashaallah!" Shangazi hasemi kwa ubaya. Katika lugha yake kunenepa ni dalili ya aliyeshiba, akalala, asiugue. Na "umekonda" ni neno la pole. Lakini binti wa miaka 14 huipokea kauli hiyo kwa lugha nyingine, ile ya picha za simuni, ambamo wembamba ndio uzuri na unene ni kosa. Neno limetoka kinywani likiwa dua, likafika sikioni likiwa hukumu. Kaka yake naye huitwa kimbaumbau mbele ya wageni, akacheka pamoja nao, usiku asilale.

Wapo wasemao kwamba mizani ndiyo imalize ugomvi, kwani namba haina upendeleo. Ila namba nayo ina nasaba yake. Kanuni itumikayo duniani, ya kugawa kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake wa mita, ilianza katika miaka ya 1830 kwa Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mwanatakwimu wa Ubelgiji. Hakuwa tabibu. Alikuwa akitafuta sura ya mtu wa wastani kutoka katika hesabu ya watu wengi. Jina lake la leo kanuni hiyo ililipata mwaka 1972, katika maandishi ya Ancel Keys na wenzake huko Marekani. Kilichobuniwa kueleza umma kikawa hakimu wa mtu mmoja mbele ya kioo.

Si kwamba kipimo ni batili. Unene uliokithiri huandamana na kisukari na shinikizo la damu; kukonda kupita kiasi hudhoofisha mifupa na huweza kukatiza hedhi. Lakini mwili unaokua husomwa kwa jedwali lake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 majedwali ya umri wa miaka 5 hadi 19, ambamo mtoto hulinganishwa na wa umri na jinsia yake. Binti wa miaka 12 mwenye kipimo cha 17 angehesabiwa mwembamba mno kwa mpaka wa watu wazima, ambao ni 18.5, kwa umri wake ni mzima. Jahazi lingali likiundwa halipimwi kwa shehena.

Atasema mtu: je, kunyamaza si kuficha maradhi? La. Kweli ya mwili ina mahali pake na mwenyewe: husemwa faraghani, na mzazi au tabibu, kwa nia ya kusaidia. Ikisemwa ukumbini mbele ya jamaa, hubaki kweli lakini si nasaha tena. Na gharama yake hailipwi na msemaji. Hulipwa na binti asukumaye sahani akidai ameshiba. Njaa ya swaumu ina magharibi yake. Njaa ya aibu haina adhana ya kuifungua.

Basi mwenye kumjali kijana na amuulize analalaje, anacheza nini, anakula na nani. Majibu ya maswali hayo hueleza siha yake kuliko jicho la mgeni, na aulizwaye hivyo hujua kwamba anatazamwa yeye, si umbo lake.