Oili Ilikwenda Wapi?

Niliombwa niandike juu ya haki, na kwa kuwa mimi ni fundi wa malori wala si mhubiri, nitaandika juu ya giaboksi.

Sili ya oili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, na nyuma ya mdomo huo kuna springi ndogo inayoubana. Chuma kinazunguka, oili inabaki ndani. Kubadilisha ile ya nyuma kwenye lori kuukuu si kazi ya ajabu: unatoa propela shafti, unafungua nati kubwa, unavuta flenji, unang'oa sili ya zamani, unapanguza kiti chake, unagonga mpya polepole ikae sawasawa, upande wenye springi ukitazama ndani. Shida ni kwamba sili mpya inaweza kuvuja kabla mwezi haujaisha, na hapo ndipo watu huanza kutafuta mwizi.

Kuna mwenye lori mmoja, ndugu mwema kabisa na mtoaji, aliyekuwa akimkata dereva wake mshahara. Kila baada ya wiki mbili giaboksi ilikuwa pungufu. Sili ilikuwa imebadilishwa mara mbili kwingineko, kwa hiyo kwake hesabu ilikuwa rahisi: sili ni mpya, oili haipo, basi dereva anaiuza. Na kweli chini ya lori likiwa limeegeshwa hukuona dimbwi. Lilikuwa linavuja likiwa barabarani, oili ikishapata moto, na upepo ulikuwa unaipaka yote kwenye chasi ikichanganyika na vumbi.

Nilipovua flenji nilipitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukakwama. Miaka ya kusuguana na vumbi ilikuwa imechimba mfereji kwenye chuma. Tena kile kitundu cha kupumulia kilicho juu ya giaboksi kilikuwa kimezibwa na matope makavu. Giaboksi ikipata moto hewa inatanuka, na isipopata pa kutokea inaisukuma oili kupitia kwa sili, hata kama umeifunga leo asubuhi. Tulizibua, tukaweka flenji nyingine, na sili ya tatu imekaa mpaka sasa.

Yule ndugu akaniambia, "Fundi, sikuwa na nia mbaya. Nilihukumu kwa kile nilichokiona." Namwamini. Lakini je, zile pesa anadaiwa?

Nimesikia watu wakisema nia njema inafuta deni. Mimi sikubali. Nia njema inamwondolea sifa ya udanganyifu, hiyo sawa, wala simwiti mwongo. Lakini zile pesa zilitoka kwa mtu ambaye hakuchukua kitu, na muhula ule mtoto wake alitumwa nyumbani kwa ajili ya karo. Pesa ni za dereva. Zimekaa tu kwenye mfuko usio wake.

Kuna atakayeniuliza, si madereva wengine huuza oili kweli? Wapo, na dizeli pia, nawajua. Lakini kulala chini ya lori na tochi, kisha kumuuliza dereva mwenyewe lori linafanyaje likiwa safarini, kungemgharimu dakika kumi na shati kuchafuka. Mtu anayeweza kukata mshahara wa mwenzake ana wajibu wa kuchafuka kwanza. Na hili la "tusameheane tu, yameisha" linaniudhi likitoka kinywani mwa anayedaiwa. Msamaha huo ni wa dereva kuutoa, kwa wakati wake.

Kwangu mimi pesa ndiyo sehemu nyepesi. Lililo zito ni jina. Ndugu yetu alikuwa amewaambia wenye malori wenzake pale wanapopakia mzigo kwamba kijana wake ana mkono mrefu. Bahasha iliyorudishwa kimya kimya haifiki kwenye masikio hayo. Akitaka kazi kwingine kesho, wao ndio watakaoulizwa habari zake, na watajibu walichoambiwa.

Pesa amezirudisha, zote. Pale wanapopakia hajaenda bado. Anasema anaona haya. Nimemwambia Jumamosi nafunga gereji mapema, nitamsindikiza.