TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Je, kuogopa majibu ni kukosa subira?

 

Swali la leo: mtu akipimwa, kisha akakosa usingizi kwa kuogopa majibu, imani yake imepungua?

Wiki iliyopita nilitolewa kinyama kwenye titi. Unapigwa ganzi, sindano nene inachukua vipande vidogo, vinawekwa kwenye dawa na kupelekwa maabara. Huko vinagandishwa kwenye nta, vinakatwa vyembamba kuliko unywele, vinatiwa rangi, ndipo daktari anaviangalia kwa hadubini. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyo hiyo.

Majirani zangu hapa Wazo wakanipa nasaha. Mmoja: "Usilie mwenzangu, kulia ni kukosa subira." Mwingine: "Kwa nini ulikubali? Uvimbe ukichokozwa unasambaa. Ungemwachia Mungu tu."

Sasa tumkumbuke Nabii Yaakub (A.S). Alipompoteza Yusuf alishika subira, na bado alihuzunika mpaka macho yakaingia weupe. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Allah. Halafu mzee huyo huyo akawatuma waende kumtafuta Yusuf na nduguye, wasikate tamaa. Alilia, aliomba, akatuma watu watafute. Yote matatu kwa mtu mmoja, na ndiye tunayemtaja tukifundisha subira.

Basi machozi hayapingani na subira. Kinachopingana nayo ni kukata tamaa, na kukata tamaa wakati mwingine huvaa kanzu: mtu anakataa kujua, halafu anaita tawakkul. Nchini kwetu wanawake wengi wenye saratani ya titi hufika Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, tiba imeshakuwa ngumu. Wengine wanacheleweshwa na nauli, gharama na foleni. Tusiwaongezee na maneno yetu. Vivimbe vingi vya titi vikipimwa hukutwa si saratani, na kuchukua kipande hakugeuzi uvimbe kuwa saratani.

Mtu atasema, "Si limeshaandikwa? Uende usiende, ni lile lile." Kweli, kilichomo kwenye kile kichupa sitakibadilisha kwa kukesha. Lakini miguu yangu kwenda kuchukua majibu nayo iko ndani ya kadari. Nani kaniambia nimeandikiwa ugonjwa tu, sijaandikiwa na tiba?

Majibu yangu ni Alhamisi. Naogopa, na nitakwenda.

Kazi ya leo: kama una dada, mke au jirani anayesubiri majibu, usimwambie asilie. Muulize, "Ni lini? Nikusindikize?"

Ewe Mola, wape shifaa wagonjwa wetu, watulize wanaosubiri, utupe moyo wa kulipokea jibu na nguvu ya kulifanyia kazi. Aamin.

Ramadhan Kareem. Mtumie na mwenzio.