Mlio Usiotuhusu

Klabu ya mpira ikianza kuyumba, magazeti yetu ya michezo huandika kuwa bundi ametua. Kila msomaji huelewa, na hakuna anayeuliza huyo bundi amekosa nini. Hapa Arusha, kuanzia Sekei hadi Usa River, wapo watu wazima, wenye elimu zao, ambao bundi akilia juu ya mgrevilea nyuma ya nyumba hukosa usingizi wakijiuliza zamu ni ya nani. Siwacheki. Kifo kipo, na anayekiogopa hutafuta dalili ya kukiona kikija. Lakini naamini hofu hiyo inatunyima kitu kikubwa: kutambua kwamba dunia husema mengi ambayo sisi hatukusudiwa kuyasikia.

Panda kidogo kuelekea msitu wa Meru, giza likishaingia. Bundi wa msituni, yule mwenye macho ya kahawia iliyokolea, huanza kwa mfululizo wa milio ya harakaharaka. Jike naye hujibu kwa sauti nyembamba zaidi. Wanapokezana. Hapa ni kwetu. Mimi nipo, wewe uko wapi? Mazungumzo hayo yana maana yake, na maana hiyo imekamilika. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi humo kusubiri jina la marehemu.

Tena ni mazungumzo ya kale mno. Mabaki ya bundi yaliyofukuliwa Marekani yana umri wa takriban miaka milioni 60. Na Olduvai, ndani ya mkoa wetu huu, katika tabaka za karibu miaka milioni 1.8 iliyopita, kuna mifupa midogo ya panya ambayo watafiti wanahusisha sehemu yake na bundi, kwa kuwa bundi humeza panya mzima kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Waliokuwa wakichonga mawe pale kando ya ziwa hapana shaka waliisikia milio hiyo. Bundi alikuwepo kabla ya kaburi la kwanza. Anawezaje kuwa mjumbe wa makaburi?

Usiku haukumjia bure. Macho yake ni makubwa, yenye umbo la mrija, na yamebanwa na pete ya mfupa hata hayawezi kuzunguka. Akitaka kutazama pembeni hugeuza kichwa kizima, hadi nyuzi 270, kwa shingo yenye pingili 14, mara mbili ya zetu. Retina yake imejaa seli zinazonasa mwanga hafifu. Na kuna alichokitoa: uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa bundi wamepoteza ile inayowawezesha ndege wengi kuona mwanga wa urujuani. Tausi wa rangi zote anazoziona ndege wa mchana, kwake amefifia. Hili hunifikirisha kuliko mengine yote. Hakuna jicho linaloona kila kitu. Aliyepata usiku alilipa kwa rangi, na sisi tuliopata rangi tulilipa kwa usiku. Tunaposema kuna giza, tunaeleza habari za macho yetu tu.

Wala njia ya kuingia usikuni haikuwa moja. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayependa kukaa darini, masikio yake hayakulingana kimo, la kulia na la kushoto. Kwa tofauti ndogo ya sauti inayofika kwenye kila sikio anaweza kumkamata panya gizani pasipo kumwona kabisa. Kirukanjia, ndege mwingine wa usiku asiye bundi, yeye hutegemea macho. Ukipita na pikipiki jioni barabara ya vumbi ya kwenda Ngare Nanyuki, taa inaangukia kaa jekundu chini, palepale njiani. Ni jicho lake: nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga ili upite mara ya pili. Sekunde moja anapaa, na unabaki na vumbi. Mwezi ukiwa mpevu huwinda zaidi.

Halafu yuko bundi mdogo mwenye madoa, wa nyika ya migunga, ambaye huwinda hata mchana. Kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayofanana na macho, ambayo huenda huwafanya ndege wengine wadhani anawatazama. Ukoo uliozoea usiku umetoa mtoto aliyerudi juani. Kwa hiyo hata usiku si asili ya bundi isiyobadilika, sembuse uchawi.

Kinachonisikitisha ni kwamba kwa kumfanya barua ya msiba tumempa adhabu ya kweli. Hupigwa mawe, kiota chake huvunjwa, huku panya walewale anaowala wakimaliza mahindi shambani na ghalani. Na akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa.

Basi ndugu msomaji, akilia juu ya mti wako usiku wa leo, usiokote jiwe, na mtoto akiliokota mwambie aliache. Waeleze watoto anamwita nani. Na kama huna budi kutumia sumu ya panya, fukia mizoga yote, usiitupe nje.