Hasira juu ya Mnyama

Huku Ujerumani tukaako, ifikapo Oktoba kazi ya uani haina mwisho. Mchana hufupika, na mti, ukiisha kuvuta chakula kilichomo majanini na kukiweka akiba matawini na mizizini, huyaacha majani yaanguke. Nasi twashika reki. Jumamosi moja tulikuwa tumekwisha kukusanya biwi kubwa, mara mbwa wetu akaja mbio akajitupa katikati, majani yakatawanyika ua mzima. Tukampiga kwa mpini wa reki. Akajilaza chini akitutazama, asijue kosa lake.

Basi, wasomaji wapenzi, je, mnyama aweza kutukosea? Kukosa ni kuijua njia na kuiacha. Mbwa hakujua ya kuwa biwi lile ni jasho la mtu. Tena ni sisi tuliomzoeza kuchezea majani alipokuwa mdogo. Wako wasemao kwamba asiyeweza kudaiwa hawezi kudai. Hatukubali. Mtoto mchanga hadaiwi neno, lakini yeye atuwia mengi.

Jioni tuliiendea pembe ya ua isiyofikiwa na reki, safari hii kwa mikono. Kumbe, chini ya majani alikuwamo kalunguyeye, amejikunja tayari kwa usingizi wake mrefu wa miezi ya baridi. Tukamfunika tena, tukaiacha pembe ile hivyo hivyo. Mbwa alikuja kunusa; tukamwita. Akasita, akautazama kwanza mkono wetu, ndipo akaja.