Kabla Hujapanda, Tazama Ulikofunga

Mwanangu, nimesikia umenunua kamba. Mama wa chapati amesema, watoto wa hosteli wamesema, na mwenye nyumba atasikia kabla ya jioni, maana mtaa wetu wa Kansanga haufichi jambo. Sina ugomvi na kamba yako. Kijana anayeshinda darasani mchana kutwa, kisha akalala na simu hadi usiku wa manane, siku akiamua kujenga mwili wake mzee hana budi kushukuru. Ila miguu yangu imechoka kwenda kutazama wagonjwa, na masikio yamechoka na neno “sikujua”. Basi nitasema polepole, na nikirudia jambo, nivumilie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika shughuli yako hii, methali hiyo wala si fumbo.

Ninyi vijana mkiwaza kupanda kamba, mnawaza mikono. Mimi niliyezeekea juu ya mapaa ya watu nawaza kule juu ilikofungwa. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni matawi yake.

Vyumba vingi vya kupanga hapa vimeezekwa mabati juu ya miti myembamba ya mkalitusi. Fundi aliipigilia miti ile ibebe mabati, hakuipigilia ibebe mtu. Na ukiona dari imepakwa rangi nyeupe ikapendeza, usidhani kilicho nyuma yake kinapendeza vilevile. Huenda mchwa walihamia kabla yako. Mtu wa kilo 70 akitulia kwenye kamba, anavuta kilo 70. Akijivuta kwa kishindo, au akijiachia kidogo kisha akajidaka, uzito unaofika kule juu huwa maradufu na hata zaidi. Paa lililovumilia siku ya kwanza linaweza kukataa siku ya kumi, nalo halitumi barua.

Kwa hiyo chagua moja kati ya haya. Kama baraza lina mhimili wa zege wenye nondo ndani, si urembo wa plasta, zungushia hapo. Kama kuna mti, utazame vizuri. Mwovakado usiuamini, maana matawi yake huvunjika bila kuonya. Mwembe mkubwa au mfenesi wenye afya unafaa: tawi liwe bichi, nene kuliko paja lako, na ufunge karibu na shina. Weka gunia au kipande cha tairi kati ya kamba na gome, ili kamba isisagike na mti usichubuke. Tazama pia nyaya za umeme zinapita wapi. Na kama hakuna mhimili wala mti, mafundi wa Katwe watakuchomea mabomba mazito ya chuma kwa umbo la goli la mpira, miguu yake ikazikwa kwenye zege. Ni ghali. Mfupa uliovunjika ni ghali zaidi.

Ukishafunga, usipande. Waite wenzako wawili wazito, mning'inie watatu kwa pamoja, miguu ikiwa shibiri moja tu kutoka chini. Sikiliza. Kikilia kitu kule juu, shukeni, na siku hiyo imekwisha.

Sasa, kamba yenyewe. Zile za nailoni zinazotumika mwaloni Ggaba ni njema kwa mitumbwi, lakini huteleza kiganjani, hunyumbuka, na jua huzila kimyakimya. Kamba nyembamba nayo itakukata mkono kabla hujapata nguvu. Tafuta ya katani au ya manila, nene kiasi cha milimita 38, ijaze kiganja. Hiyo adui yake ni mvua, na Kampala ina misimu miwili ya mvua kila mwaka. Usiiache nje ilale. Kila wiki ipitie kwa vidole toka juu hadi chini, ufungue nyuzi kidogo utazame ndani. Ukikuta vumbi, weusi au harufu ya uvundo, ikate, wape wenye mbuzi. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu mara nyingi ni pale kwenye fundo, ambapo wewe uliye chini huoni.

Kabla ya hayo yote, waambie watu. Mwombe ruhusa mwenye nyumba, mjulishe mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1, waeleze majirani. Najua utanicheka. Lakini hapa Buganda kamba inayoning'inia mtini haimfurahishi mtu. Zamani, mti ambao mtu alijinyongea uliangushwa ukachomwa moto. Jirani akiamka alfajiri akaikuta kamba yako, hatawaza misuli. Ukimaliza mazoezi ifungue, uiingize ndani. Watoto wa ua wenu ni wengi, na mtoto haulizi kamba ni ya nini. Huivaa shingoni akacheza.

Tukifika kwenye kupanda, hapo ndipo mnapokosa subira. Michezo ya Olimpiki ya 1896 kule Athens ilikuwa na shindano la kupanda kamba ya mita 14. Waliingia wanaume watano. Waliofika juu ni wawili tu, Wagiriki wote, na Nikolaos Andriakopoulos akashinda. Kama mabingwa wa siku hiyo walikwama njiani, wewe wa wiki ya kwanza unamkimbilia nani? Mwaka 1904, kule St. Louis, George Eyser alishinda mchezo huohuo akiwa na mguu mmoja wa mti. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba dari yako ni fupi. Dari ikiwa ya mita tatu, anza ukiwa umeketi sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, upande kwa mikono pekee. Washindani wa Marekani walianza hivyohivyo, wameketi.

Hapo utafika baadaye. Mwanzo lala chali chini ya kamba, ishike, jivute mkono kwa mkono hadi usimame, visigino vikiwa palepale, kisha jirudishe taratibu hadi mgongo uguse chini. Ikizoeleka, ning'inia tu. Halafu jifunze kufunga kwa miguu: kamba ipite nje ya mguu wa kulia, izunguke chini ya unyayo, na mguu wa kushoto uikanyage juu ya kiatu cha kulia. Hicho ni kituo chako cha kupumzikia. Asiyekijua asivuke kimo cha kichwa chake.

Na kushuka, mwanangu. Shuka mkono kwa mkono. Ukiteleza, kamba itakuchuna ngozi ya viganja, na maumivu yatakufanya uachie ukiwa bado juu. Vua pete na saa. Weka godoro chini, ila usilitegemee, maana godoro haliokoi shingo. Usipande peke yako, wala ukiwa umechoka. Mara mbili kwa wiki zatosha: misuli hupata nguvu upesi, kano za kiwiko huchelewa, na kiwiko kikishaingia maumivu hakikuachi kwa miezi.

Usione aibu kuanzia sakafuni. Aprili 2020, korona ilipofunga kumbi za mazoezi, Rais Museveni alionekana kwenye video akikimbia ofisini na kupiga pushapu 30 juu ya zulia, akiwa na miaka 75. John Akii-Bua, askari polisi wetu wa Uganda, alijiandaa kwa kukimbia na fulana yenye uzito mwilini, akaenda Munich mwaka 1972 akaleta dhahabu ya mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Nguvu haikuwahi kuwa mali ya mwenye vifaa.

Nenda sasa kwa mwenye nyumba, na heshima mbele. Akikataa, usibishane naye. Tundika taulo mbili kwenye bomba imara la uwanjani, zishike, ujivute, viganja vitakomaa vilevile. Akikubali, funga kama nilivyosema. Jumamosi, magoti yakiniruhusu, nitakuja na ngazi yangu nitazame kule juu. Kabla sijafika, asipande mtu.